Siku Kumi na Moja za Haraka

Vifumi elfu sita vilikuwa kazini ndani ya mgongo wa Bi. Mwanakombo, na mwenyewe alikuwa amekaa kitini anadarizi kofia.

Mhandisi Namkunda Mbwambo alivifuatilia vyote kwenye kioo cha skrini ukutani. Kila kifumi kilikuwa roboti ndogo kuliko punje ya vumbi, yenye miguu minne na mdomo wa kutolea uzi. Uzi wenyewe ulitokana na mkonge, huu huu unaolimwa Tanga tangu enzi za mababu, ila maabara ya kituo cha tiba alichofanyia kazi iliuchambua mpaka ukawa mwembamba kupita utando wa buibui. Vifumi viliutandaza ndani ya ugwe wa mgongo, lile fungu la mishipa ya fahamu linalopita katikati ya pingili za uti. Kwa Bi. Mwanakombo fungu hilo lilikuwa limekatika, na pengo lake lilikuwa la milimita thelathini na mbili. Mishipa iliyokatika ilichipua polepole na kuufuata uzi, kama maharage yanavyotambaa kwenye fito.

Mtambo mzima uliitwa Mfumaji. Namkunda aliubuni kwa miaka tisa, na Bi. Mwanakombo alikuwa mtu wa kwanza kuwekewa.

"Wadudu wako wameamkaje leo?" Bi. Mwanakombo aliuliza bila kuinua macho kwenye kofia.

"Wazima, mama. Wanafuma."

"Waambie nawasalimu. Na wasigombane huko ndani."

Alikuwa na miaka hamsini na moja. Miaka sita nyuma alianguka kutoka roshani ya ghorofa ya pili alipokuwa akianua nguo, na tangu siku hiyo hakuwa na habari ya kilicho chini ya kifua chake. Kila Alhamisi binti yake, Saumu, alimleta kituoni, akakaa wima saa nne nzima huku kiti cha vipimo kikisoma mgongo wake. Hakuwahi kuuliza lini atapona. Siku ya kutia saini, Namkunda alipomuuliza kwa nini anataka tiba ndefu hivi, alijibu kwamba kiti amekizoea na kazi yake ya kofia anaifanya vizuri akiwa amekaa. Anachokikosa ni sijida.

"Naswali kwa kuinamisha kichwa," alisema. "Mungu anapokea, najua. Lakini nataka paji langu liguse chini tena kabla sijafa. Kama ni mwaka, mwaka. Kama ni mitano, mitano."

Namkunda aliandika maneno hayo kwenye faili, na akawa anayasoma kwa wageni kila alipoeleza kazi yake.

Kasi ya kufuma ilikuwa nusu milimita kwa wiki. Haikuwekwa na binadamu. Iliwekwa na akili unde ya kituo, iliyoitwa Msimamizi, baada ya kupima majaribio kwa maelfu. Mishipa ikiharakishwa huvimba, na uvimbe hupanda. Kwa mwendo huo, baada ya miezi kumi na minne zilibaki milimita mbili tu. Mwezi mmoja zaidi, mishipa ya juu na ya chini ingegusana.

Ndipo Profesa Sangiwa, mkurugenzi wa kituo, alipoingia maabara akiwa na habari. Wakuu wa hospitali kutoka nchi saba walikuwa njiani. Wangefika baada ya siku kumi na mbili, wakae siku moja, waondoke.

"Kidole cha mguu kitakuwa kinasogea?" aliuliza.

"Bado mwezi, Profesa."

"Mwezi." Profesa alivua miwani, akaipangusa kwa muda mrefu. "Basi tutawaonyesha picha."

Hakusema zaidi ya hapo. Baadaye Namkunda alijaribu mara nyingi kukumbuka kama kulikuwa na agizo katika sauti ile, japo dogo, ili ampe mwingine sehemu ya mzigo. Hakulipata.

Siku ya pili yake, saa tano asubuhi, alimwambia Msimamizi aongeze kasi mara tatu.

"Kasi hiyo inaweza kuleta uvimbe unaopanda kuelekea shingoni," Msimamizi alijibu kwa ile sauti yake isiyopanda wala kushuka. "Utaratibu unataka mgonjwa aarifiwe na akubali. Bi. Mwanakombo ameshaarifiwa?"

Namkunda aliangalia kioo. Vifumi vilikuwa vikienda na kurudi, havina pupa. Alimfikiria yule mama, jinsi asivyolalamika, jinsi ambavyo angefurahi kupunguziwa wiki tatu za kusubiri. Mtu mvumilivu kiasi hicho, aliwaza, akiulizwa si atakubali tu?

"Ndiyo," alisema.

Kwa siku kumi na moja vifumi vilikimbia.

Siku ya wageni ukumbi ulijaa. Bi. Mwanakombo alikaa mbele, amevaa baibui jipya, miguu imewekwa juu ya mto mweupe ili kila mtu aione. Namkunda alimwomba ajaribu kukunja kidole gumba cha mguu wa kushoto. Mama alifumba macho. Midomo yake ilicheza kidogo, bila sauti. Kikapita kitambo, na mtu mmoja nyuma akakohoa, kisha kidole kikainama kama mtu anayeitikia kwa kichwa.

Ukumbi mzima ulisimama. Saumu alipiga kigelegele, akashindwa kukimaliza kwa kilio. Bi. Mwanakombo hakulia. Aliinamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa kifua, akakaa hivyo. Alipoinua uso alimshika Namkunda mikono yote miwili.

"Mwanangu, Mungu akulipe kwa kila hatua nitakayotembea."

Namkunda alisema amina. Mchana huo huo alirudisha kasi kwenye nusu milimita na kujiambia kwamba mambo yameisha salama.

Wiki tatu baadaye Bi. Mwanakombo alikuwa kwenye kiti cha vipimo, na kofia yake mikononi kama kawaida. Namkunda alikuwa akimweleza habari ya mazoezi ya nyonga alipoona tone jekundu kwenye kitambaa cheupe, kisha la pili. Sindano ilikuwa imezama kwenye kidole cha kati cha mkono wa kulia, na mama alikuwa anaendelea kuongea.

"Mama, kidole chako!"

Bi. Mwanakombo alitazama. Aliichomoa sindano taratibu, akakigeuza kidole huku na huku kama kitu cha mtu mwingine.

"Hivi vitatu vimekufa ganzi tangu juzi," alisema. "Hiki, cha pete, na hiki kidogo. Nilidhani nimevilalia."

Saumu alisimama. Alikuwa mwalimu wa hesabu, mtu wa kuuliza mpaka apate jibu. "Dada Namkunda, hii ni kawaida? Mgongo unatibiwa chini, ganzi iko mkononi. Inahusianaje?"

"Hutokea," Namkunda alisema. "Mwili unapojifunza upya, ishara huchanganyikana. Tutaangalia."

"Hutokea kwa nani, ikiwa mama ndiye wa kwanza?"

"Saumu," mama yake akamkatiza. "Mwache dada yako afanye kazi. Tusubiri."

Walipoondoka Msimamizi akazungumza kabla hajaulizwa. "Uvimbe umefika pingili za shingo. Dawa ya kushusha uvimbe ikianza ndani ya siku arobaini, uwezekano wa vidole kupona ni asilimia themanini na tano. Niandike ombi kwa daktari wa zamu? Nitahitaji kutaja sababu ya uvimbe."

Namkunda alikaa. Sababu ya uvimbe ilikuwa siku kumi na moja. Sababu ilikuwa lile neno moja alilolisema saa tano asubuhi.

"Subiri kwanza," alisema.

Msimamizi akasubiri. Kila asubuhi alitaja siku zilizobaki, na kila asubuhi Namkunda alijibu kwamba bado anachunguza. Alisoma makala, akapiga hesabu, akatafuta sababu nyingine yoyote iliyoweza kuandikwa. Alimpelekea mama mafuta ya kukanda na mpira laini wa kubinya. Siku ya arobaini ilipopita, Msimamizi hakutaja kitu tena, na ukimya huo ulikuwa mbaya kuliko hesabu.

Miguu iliendelea kupona. Hilo ndilo lililomsumbua zaidi. Kila Alhamisi kulikuwa na jambo la kushangilia: kifundo, kisha goti, kisha nyonga. Na kila Alhamisi Bi. Mwanakombo alikuja na kitambaa kilekile kwenye mkoba. Alijaribu mishono miwili mitatu, akakirudisha. Alishona kwa mkono wa kushoto, na vile vidole vitatu vya kulia ndivyo vilivyokuwa vikishikilia kitambaa kwa chini na kumwambia sindano iko wapi. Bila hivyo mishono ilikwenda upande. Alikuwa amedarizi tangu ana miaka tisa, na maharusi wa Tanga na Pangani walikuwa wanamngojea miezi kupata kofia ya mkono wake.

"Amenipa huku, akachukua huku," alimwambia Namkunda siku moja. "Alhamdulillahi. Sijui amekusudia nini, lakini hakosei. Nami namwuliza kila swala."

Namkunda alitoka akaenda kusimama kwenye ghala la uzi, katikati ya mabunda ya mkonge.

Mwezi wa tatu tangu ganzi ianze, kituo kiliwaita wagonjwa wapya kumi na mmoja waje kusikiliza kabla ya kutia saini. Profesa Sangiwa alimwomba Bi. Mwanakombo aongee nao. Alikuja na kiti chake, ingawa sasa aliweza kusimama dakika mbili akishikiliwa. Namkunda alikaa safu ya nyuma.

Mama aliongea vizuri, kwa utani, habari ya wadudu wake. Kisha mwanamke mmoja wa makamo akainua mkono na kuuliza kuhusu ule mkono wa kulia. Alikuwa amegundua kwamba mama hautumii.

"Huu ni mtihani wangu," Bi. Mwanakombo alisema. "Haukutokana na mashine, na yule binti aliyeitengeneza hana lawama hata chembe. Nimemwona akihangaika nao kama mkono wa mama yake. Kuna mambo Mungu huchukua tu. Msiogope. Tieni saini."

Watu wanane walitia saini pale pale.

Namkunda aliwaangalia wakipanga foleni mbele ya meza. Mwanamke aliyeuliza swali alikuwa wa tatu. Namkunda alielewa wakati huo, kwa uwazi uliomchoma, kwamba kosa lake limeandikwa kwa jina la Mungu, na kwamba watu wanane wamejikabidhi kwake kwa sababu hiyo.

Kesho yake, baada ya adhuhuri, alikwenda Ngamiani nyumbani kwa Bi. Mwanakombo. Hakupiga simu kwanza kwa kuogopa kwamba angeahirisha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Leo umenijia nyumbani! Saumu, mletee dada yako kiti. Na kahawa."

"Sitakunywa, mama. Nina jambo. Naomba Saumu naye akae."

Aliwaeleza. Alianza na wageni wa nchi saba, akaeleza kasi, swali la Msimamizi na jibu lake. Alikuwa ameyapanga maneno njiani, lakini yalimtoka yamevurugika, na mara mbili ilibidi arudie. Saumu alisimama, akaenda dirishani, akawapa mgongo. Bi. Mwanakombo alisikiliza akiwa ameushika mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto.

"Kwa hiyo ni wewe," alisema mwishoni.

"Ni mimi."

"Na ungeacha kasi ya kawaida, kidole cha mguu kingesogea lini?"

"Wiki tatu baadaye. Si zaidi."

"Wiki tatu." Mama alitikisa kichwa. "Mimi nilishangoja miaka sita."

Namkunda alidhani amemaliza. Aliona hata wepesi ukimjia kifuani, akauonea aibu. Lakini Saumu aligeuka kutoka dirishani.

"Siku ile sindano ilipomchoma," alisema, "kulikuwa na dawa?"

Hapo ndipo Namkunda alipotambua kwamba alikuwa amekuja na nusu ya ukweli, na kwamba alikuwa tayari kuondoka nayo.

"Ilikuwepo," alisema.

"Ingemsaidia?"

"Ndani ya siku arobaini, asilimia themanini na tano. Lakini ilibidi niandike sababu, na sikutaka sababu ionekane. Nilinyamaza mpaka siku zikaisha. Sasa ganzi imekuwa ya kudumu."

Mtaani nje droni ya mkate ilipita ikitangaza bei, ikarudi, ikatangaza tena.

"Mwanangu," Bi. Mwanakombo alisema, na sauti yake haikuwa ile ya siku zote. "Miezi mitatu namwuliza Mungu amekusudia nini na vidole vyangu. Nimeamka, nimeswali, nimeuliza. Nikajilaumu kwamba pengine nilikuwa najivunia kofia zangu. Nikamwomba anisamehe kiburi. Na wewe ulikuwa umekaa mbele yangu na jibu, unanipaka mafuta."

"Nisamehe, mama."

"Ngoja. Haraka hiyo ndiyo iliyotufikisha hapa." Alivuta pumzi. "Mungu ana lake, na katika hilo sitamwacha. Lakini hili ulilifanya wewe, na sikubali abebeshwe yeye. Uliona mtu halalamiki ukadhani hana neno. Subira yangu haikuwa yako. Nilimpa yeye."

Namkunda alipiga magoti sakafuni. Bi. Mwanakombo akasema kwa ukali, "Inuka. Usinipigie magoti mimi. Nenda kwa wale wanane, kawaambie kabla hawajaguswa. Jana nimewadanganya kwa kinywa changu bila kujua. Uende leo."

"Nitaenda. Na msamaha?"

"Sina leo. Nikikwambia nimekusamehe nitakuwa nasema uongo, na uongo umetosha. Siku nikiwa nao nitakuita. Inaweza kuwa mwaka."

Aliwaendea wote wanane siku hiyo na ya pili yake, mmoja mmoja, na kisha akaandika kila kitu na kukiweka mezani kwa Profesa Sangiwa. Watano walifuta saini zao. Baraza la tiba lilimwondolea Namkunda ruhusa ya kugusa mgonjwa au mtambo wowote wa mgonjwa. Mfumaji ulifungwa kwa miezi minne. Ulipofunguliwa, Msimamizi alikuwa amebadilishwa: hakuna mtu mmoja aliyeweza tena kumjibu kwa niaba ya mgonjwa. Mgonjwa aliulizwa mwenyewe, kwa sauti, na jamaa yake akiwa karibu.

Bi. Mwanakombo alipewa nafasi ya kutolewa vifumi. Alikataa. Alisema miguu haina kosa, akaendelea na daktari mwingine kwa nusu milimita kwa wiki.

Namkunda alipata kazi ya kupima ubora wa uzi kwenye kiwanda cha mkonge kule Muheza. Ilikuwa kazi ya kimya. Alivuta uzi mmoja mmoja mpaka ukatike, akaandika umekatika kwa uzito gani. Wenzake walijua alichokifanya, kwa kuwa habari zilitangazwa kila mahali, na hakuna aliyemtukana. Mama yake mzazi alimpigia simu kutoka Same na kumwambia arudi nyumbani apumzike. Alikataa. Aliogopa kwamba akienda mbali, siku atakayoitwa atachelewa.

Mwanzoni alihesabu siku. Baadaye aliona kwamba kuhesabu ni namna nyingine ya kudai, akaacha. Yapo majuma aliyokasirika, akamwona yule mama ana roho ngumu. Yapo aliyotaka kumwandikia barua ndefu ya kueleza kwamba alikuwa amechoka siku ile, kwamba miaka tisa ni mingi. Barua mbili alizianza. Alipozisoma aliona kila mstari unajitetea, akazichana. Kusubiri kulimwia kugumu kwa namna ambayo hakuwahi kuielewa kwenye vioo vyake. Hakukuwa na kitu cha kufanya kwa mikono.

Miezi kumi na tatu ilipita. Siku moja mchana Saumu alipiga simu.

"Mama anakuita kituoni. Usiniulize ni ya nini, hajaniambia."

Namkunda alipanda treni ya hewa, akafika Tanga baada ya robo saa, akasita mlangoni kama mgeni. Bi. Mwanakombo alikuwa chumba cha wageni, amesimama kwa mkongojo, mkono wa kulia ameuweka mfukoni. Kando yake, kwenye kiti cha magurudumu, alikaa mwanamke wa miaka thelathini hivi, uso umekaza.

"Huyu anaitwa Tusekile," Bi. Mwanakombo alisema baada ya salamu. "Alikuwa dereva wa mtambo wa kuvunia mkonge, ukampindukia. Wamemweleza habari ya Mfumaji kwa lugha nzuri, na yeye hawaamini. Nimemwambia yupo mtu mmoja anayeujua wote, uzuri wake na ubaya wake."

"Mama, mimi siruhusiwi kumtibu mtu."

"Sijasema umtibu. Ongea naye. Usipunguze kitu. Mimi nitakaa hapa nasikiliza, na ukipunguza nitajua."

Namkunda alimtazama. Swali lilikuwa kwenye ulimi, na mama aliliona.

"Lile uliloniomba, bado," alisema kwa upole. "Lipo karibu zaidi kuliko mwaka jana. Utasubiri?"

"Nitasubiri, mama."

Bi. Mwanakombo alijishusha kitini polepole, goti moja kisha la pili. Namkunda alivuta kiti, akakaa mbele ya Tusekile, karibu, ili wasikilizane bila kupaza sauti.

"Naitwa Namkunda," alisema. "Mtambo huu niliubuni mimi. Kabla sijakueleza unavyoponya, nitakueleza nilichomfanyia huyu mama, na wewe utaniuliza chochote unachotaka. Hatuna haraka."

Tusekile alimwangalia Bi. Mwanakombo, kisha akamrudia yeye.

"Anza," alisema.